Majani Matatu Kwenye Leso

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukingoja lori la kiwanda kwenye kituo cha chai kule kwetu karibu na Litein. Nilikuwa nimeinama juu ya gunia nikichambua majani kabla ya karani kuyapima. Jani gumu unatupa, bua unatupa, unabakisha majani mawili na chipukizi. Mikono ilikuwa kazini, lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwenye uvimbe ndani ya titi langu la kushoto.

Nilikuwa na miaka hamsini na tano na wajukuu juu, ila kwa akili nilikuwa bado mtoto. Wiki kadhaa kabla ya hapo, daktari alikuwa ameniambia ni kansa na kwamba nahitaji kupasuliwa. Alieleza mengi, kisha akaniuliza, "Umeelewa, mama?" Nikajibu, "Ndiyo, daktari." Sikuwa nimeelewa hata chembe. Sisi tulilelewa hivyo: mkubwa akimaliza kusema, unaitikia. Nikakunja karatasi zake, nikaenda kutafuta majibu pale nilipozoea kuyatafuta, yaani kituoni.

Na majibu hayakukosekana! Mmoja alisema kisu kikigusa kansa, inasambaa mwili mzima. Mwingine akaniambia ni mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ndiyo yaliyoniletea. Wa tatu alisifu dawa ya mizizi, na kumbe chupa zake anazo hapo hapo, anauza. Mpwa wangu akanionyesha kwenye simu mtu aliyedai amepona kwa juisi. Jirani mmoja akanionya kwamba nikishapasuliwa nisibebe kikapu kizito upande ule. Niliwaamini wote, hata waliopingana. Siku ya upasuaji ilipofika, nilienda shambani kuchuma chai.

Basi aliyekuwa kando yangu kituoni siku ile ya kungoja lori ni Kogo Taprandich. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa amepita miaka themanini, hajui kusoma, wala hana subira na mjinga.

"Chelangat, hospitali ulienda?"

"Sijaenda, Kogo. Wanasema kisu inasambaza."

"Hao wenye wanasema, walipasuliwa?"

Nikazidi kuchambua majani.

"Majani unachambua moja moja ndio karani asikurudishie. Lakini maneno ya watu unabeba yote na mabua! Chai iko na maana kuliko mwili yako?"

Watu walisikia. Niliona aibu, halafu nikakasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ndipo akashusha sauti. "Msichana wangu aliambia daktari ndiyo, ndiyo, mpaka tukamzika. Hakuna siku aliuliza."

Nilikuwa nimehudhuria mazishi yale, mwanangu, na hilo sikulijua. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio hakimrudishi mtu.

Kogo akanikalisha, akanitajisha kila neno nililoambiwa, na kwa kila neno akaweka jani juu ya gunia. Mwenye kuuza chupa, jani lake likatupwa. Mtu wa kwenye simu je? "Unajua kwao?" Sikujua. Likatupwa. Yakabaki matatu: la kisu, la mursik na la kikapu. "Hizi hatujui kama ni nzuri ama ni mbaya," akasema. "Peleka kwa mwenye anajua." Nikayafunga kwenye leso.

Kesho yake nikaenda hospitali, nikamfungulia nesi ile leso mezani. Alicheka, halafu akavuta kiti karibu. "Kisu hakisambazi kansa, mama. Kuchelewa ndiko kunaipa nafasi." Kuhusu mursik, akasema hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika kilicholeta ugonjwa wangu, kwa hiyo niache kujilaumu. Na la kikapu? Jirani yangu alikuwa amesema kweli: nisibebe mzigo kwa mkono wa upande ule mpaka waniruhusu wao. Kumbe hata kituoni huokotwa jani zuri. Kisha akauliza, "Umeelewa, mama?"

Nikavuta pumzi. "Hapana. Rudia hiyo ya mkono."

Akarudia, na mbingu hazikuanguka. Nikapewa siku nyingine, nikapasuliwa, nikapewa na dawa zilizoning'oa nywele zote. Sitakudanganya, nililia sana. Lakini nywele zimerudi, na chai bado nachuma.

Wewe una simu, na siku moja ikikulazimu utaitafuta kansa humo, na itakuletea gunia zima, mabua na yote. Kuuliza si ujinga. Uliza nani anasema, amejuaje, na anauza nini. Usitupe neno la jirani kwa sababu ni la jirani, wala usilimeze. Andika maswali yako, au yafunge kwenye leso kama mimi, umpelekee anayekutibu, na usiinuke kwenye kile kiti kabla hujajibiwa.

Mungu akupe afya, mwanangu, na uzee wenye meno. Akuwekee karibu mtu mkali kama Kogo. Na siku utakayoulizwa kama umeelewa, nawe hujaelewa, akupe kinywa cha kusema hapana.