Ua la Agneta Lililomeza Kuku

Kuku wangu alimezwa na ua.

Sio nyoka. Sio mwizi. Sio paka wa jirani. Ua, tena la zambarau, lililokuwa limeshinda maonyesho ya bustani hapa Kaloleni, Kisumu.

Cheka tu. Hata bwanangu alicheka. Lakini kama wewe ni mama na unaishi karibu na maji, soma mpaka mwisho ndio ucheke.

Ilikuwa mapema miaka ya tisini. Wamama wa mtaa tulikuwa na kikundi cha bustani. Kila Agosti, shule zikifungwa, tunapanga meza nje, tunatandika vitambaa vyetu vya kushona kwa mkono, kila mtu analeta maua na mboga zake. Osuga na dek, mboga zetu za kienyeji, nyanya, maboga. Jaji anapita, anafinya, ananusa, halafu anatangaza.

Mwaka huo boga langu lilibebwa kwa wilbaro. Nilijua nimeshinda.

Ndio Agneta akatokea na karai.

Agneta alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mama wa Kimaragoli mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Ndani ya karai, maji matupu. Juu ya maji, maua yanaelea. Zambarau, na katikati jicho la njano linakuangalia.

"Udongo uko wapi?" nikauliza.

"Halitaki udongo."

"Mbolea?"

"Halitaki."

"Sasa linakula nini?"

"Linakula macho yako, Mama Aoko!"

Wamama walicheka mpaka wakashikana mabega. Jaji wetu, Bwana Wepukhulu, mwalimu mstaafu mwenye tumbo la heshima, akalitangaza namba moja. Boga langu, namba mbili.

Alilitoa wapi? Shemeji yake alilikuta likielea ziwani, ufuoni Usenge, akaona ni zuri, akamletea. Wakati huo wengi wetu pale mtaani hatukuwa tumeliona.

Sasa, kikundi chetu kilikuwa na desturi. Mshindi anamgawia kila mtu mche. Ukikataa mche wa mshindi, umemtangazia vita. Basi nikaupokea kwa mikono miwili, na tabasamu la kanisani.

Ua likazaa, yawa!

Unaamka, karai limejaa. Unapunguza, baada ya siku chache limejaa tena. Beseni za mtaa zikaisha, watu wakaanza kuogea kwa sufuria.

Miche ya ziada Agneta akaitupa kwa lile shimo la nyuma ya nyumba zetu. Hapo watu walikuwa wamechimba udongo wa kukandika majiko, miaka na miaka, mpaka likawa na kina cha kunizidi mimi. Mvua ilikuwa imelijaza.

Kufika Krismasi, maji hayaonekani. Ni uwanja wa kijani tu, maua juu, kama zulia la bwana mkubwa. Tukasahau kabisa kwamba pale ni shimo.

Ndio siku moja kuku wangu mwekundu akafukuza panzi. Akaruka katikati ya maua. Majani yakafunguka. Majani yakajifunga. Hata kelele hakupiga.

Nilisimama na mwiko mkononi. Sikuwaza kuku.

Niliwaza Aoko.

Aoko ni msichana wangu. Alikuwa na miaka minne, na alipenda maua kuliko uji.

Nikamwendea Agneta mbio. "Mama, hilo shimo litakula mtoto. Tuyatoe hayo maua."

"Mama Aoko, kumbe boga bado linakuuma?"

"Boga nilishapika! Nakwambia kuku amezama!"

"Kuku wako ameolewa mtaa wa Nyalenda."

Kwenye kikundi ikawa wimbo. Ati wivu. Hata bwanangu Dishon akaniambia, "Mama Aoko, pole pole. Watasema unaroga maua."

Nikaacha kuwaonya. Lakini nilichukua leso, mwisho mmoja nikafunga kiuno cha Aoko, mwisho mwingine kiuno changu. Nikifua, yuko. Nikikaanga samaki, yuko. Watoto wa mtaa wakamwita mbuzi. Sikujali. Mbuzi aliye hai ni mbuzi.

Agosti ikarudi.

Wee! Meza zote, ua moja. Karai, karai, karai. Hakuna nyanya, hakuna dek. Nani ahangaike na jembe wakati kuna kitu kinajiotea? Bwana Wepukhulu akazunguka na suti yake ya kijivu, hajui ampe nani nini.

"Jaji," Agneta akamwita, "hayo ni ya beseni. Njoo uone shamba."

Tukaenda wote nyuma ya nyumba. Jaji akasimama pale ukingoni, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Bustani bila tope! Hata kiatu hakichafuki."

"Mwalimu, usikanyage!" nikapiga kelele. "Chini ni maji!"

"Mwacheni," Agneta akasema. "Ni lile boga linaongea."

Watu wakaangua kicheko. Jaji naye akacheka, akainua mguu, akauweka.

Akaenda chini na kicheko chake.

Ikabaki kofia yake. Halafu ukatokea mkono. Halafu uso, macho yametoka kama ya samaki mbuta. Tukakimbilia vitambaa vya meza, tukaviunganisha, tukamrushia, wamama wote tukavuta, Agneta mbele akilia kwa sauti ile ile ya kwaya. Jaji alipotoka, mizizi myeusi ilining'inia masikioni kama nywele zilizosukwa vibaya, na ua moja lilikuwa limesimama kichwani.

Akakohoa. Akatema maji. Akamtazama Agneta.

"Sufuri," akasema.

Agneta akanigeukia. "Mama Aoko. Kuku wako nitakurudishia."

Hapo hapo tukachukua reki na fito, tukavuta maua yote, tukajaza mkokoteni.

"Lilitoka ziwani, lirudi ziwani," Agneta akasema, na mimi nikakubali. Nilifurahi hivi kwamba nilimfungua Aoko ile leso. Twende Dunga, nyathina, mtoto wangu, tumuage adui.

Pale ufuoni Dunga mvuvi mmoja, Absalom, akatuzuia kwa kasia.

"Mnapeleka wapi hiyo takataka ya gugumaji?"

"Tunairudisha kwao," nikamjibu.

Akatuangalia kama watu wasio na akili nzuri. "Mama, hebu angalia nyuma yangu."

Tukaangalia.

Ziwa halikuwepo. Kulikuwa na kijani na zambarau, kutoka miguuni petu mpaka mbali, upepo ulikuwa umeyasukuma maua yote kwetu. Mitumbwi ilikuwa imekwama katikati kama ng'ombe malishoni.

Aoko akapiga makofi.

"Mama! Shamba!"

Akakimbia.

Sijui nilimfikiaje. Nakumbuka mguu wake mmoja ukiwa hewani juu ya maua, na gauni lake likiraruka mkononi mwangu. Liliraruka, lakini halikukatika.

Nikaketi kwenye mchanga nimemkumbatia, yeye analalamika nimemharibia nguo. Agneta akaketi kando yangu.

Shimo la nyuma ya nyumba nililichunga kwa leso. Ziwa nitalichunga na nini?

Ile miche tuliianika juani pale pale, ikakauka, tukaichoma.

Leo Aoko ana watoto wake, na ananiambia nimezidi wasiwasi. Sawa, nimezidi.

Lakini wewe mama, usimwambie mtoto tu "usiende pale." Kijani kikilala juu ya maji, yeye anaona uwanja wa kucheza. Na ukimwonya jirani akakuita mwenye wivu, onya tena kesho. Mshike mtoto mkono, mpeleke mpaka karibu, mpe jiwe alitupe mwenyewe.

Acha asikie linavyoingia.