Labda Ni Kupe

Ndugu msomaji, nisamehe kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na hata huko kalamu ilikuwa nzito kwangu kuliko jembe. Ukikuta neno nimelikosea, lisome kwa sauti, utajua nilitaka kusema nini. Naandika kwa sababu watu wa kanisani wananiuliza uso wangu ulipatwa na nini, na mimi kusimama mbele za watu siwezi.

Kwetu ni Kongwa. Nimekua nikichunga ng'ombe wa baba. Sasa naishi Woolwich, London, kwa shangazi yangu Tabu, dada yake baba. Yeye anafanya kazi ya kutunza wazee. Mimi napanga bidhaa na kubeba maboksi kwenye duka la vyakula vya Kiafrika karibu na soko. Kabla ya kuugua nilikuwa na afya, hata mafua hayakunipata. Lakini sikuwa na rafiki, maana sikumwamini mtu. Mtu akinisalimia kwenye basi, nilishika mfuko wenye simu.

Musa ni Mkenya, fundi baiskeli, anayekuja dukani kununua unga. Kila akija alinisemesha, nami nilimjibu kwa kichwa. Siku moja akaniambia ana baiskeli mbili za matairi manene, za kuendea njia za changarawe huko mashambani, na moja inakaa tu bila mtu wa kuipanda. Akaniambia nije Jumamosi. Nilimweleza shangazi. Akaacha kukata vitunguu.

"Mkenya akupe baiskeli bure? Anataka nini kwako?"

Sikujua. Nilikwenda ili nijue.

Tulipanda treni na baiskeli zetu hadi Kent. Njia zenyewe si barabara. Ni njia za farasi na za wakulima, zina changarawe na mawe meupe ya chokaa. Zinapanda vilima, zinapita katikati ya ngano, halafu zinaingia msituni. Kila geti tulilofungua nilidhani mwenye shamba atatokea na mbwa. Mzee mmoja wa Kizungu alisimama kutupisha, akatuambia leo hali ya hewa ni nzuri. Tulipompita nikamuuliza Musa yule mzee alimaanisha nini.

"Alimaanisha hali ya hewa ni nzuri," Musa akasema.

Mchana tulikaa kwenye majani marefu pembeni ya msitu. Nilikuwa nimevaa kaptula. Paa wawili walipita karibu yetu, wakatutazama, wakaenda zao. Musa alinipa chupa yake yenye maji mekundu. Nilionja, yalikuwa na chumvi na utamu kwa pamoja. Nilimwangalia kama naye atakunywa. Hakunywa. Aliinama, akabandua kitu kwenye mguu wake, akakitupa. Sikuuliza. Tulipoanza kupanda kilima cha mwisho nilimwacha nyuma, na yeye akawa anacheka.

"Buda, wewe unapanda mlima kama unafukuza ng'ombe!"

Kicheko hicho nilikifikiria sana baadaye.

Siku kadhaa zilipita. Nikaona duara nyuma ya goti la kushoto. Halikuwa jekundu. Kwenye ngozi yangu lilionekana jeusi zaidi pembeni na jepesi katikati, na lilikuwa linapanuka. Halikuuma wala kuwasha. Shangazi aliligusa kwa kidole akasema ni choa, nimekitoa kwenye taulo la watu. Akanipa dawa ya kupaka ya fangasi. Niliona aibu kuwa na choa kama mtoto wa shule, basi nikawa navaa suruali ndefu hata ndani ya nyumba.

Kisha mwili ukaanza kuchoka. Boksi la ndizi nililokuwa nabeba kwa mkono mmoja likanishinda kwa miwili. Magoti yakauma, leo hili, kesho lile. Shingo ikakaza. Nikawa natoka jasho hadi godoro linalowa. Shangazi akanipeleka kwa daktari wa mtaa wetu, akabaki nje kwa sababu alipigiwa simu ya kazini. Daktari aliniuliza kama nimesafiri Afrika karibuni. Nikasema hapana. Nikajua anatafuta malaria. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nimepata tiki yoyote.

Mimi tiki ninayoijua ni ile ya mwalimu kwenye daftari. Mwenye akili anapata tiki, sisi wengine tunapata mkasi. Nikaona huyu daktari amenitazama tu na kujua sikusoma, sasa ananicheka kwa adabu. Nikainamisha kichwa nikasema hapana, sijapata. Habari ya duara nyuma ya goti sikuisema. Akanipa dawa za maumivu, akaniambia nikizidiwa nirudi.

Nilizidiwa. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai, chai ikawa inamwagika kifuani. Nikafuta, nikanywa tena, ikamwagika tena. Shangazi alinigeukia, akaweka sufuria chini polepole. Akaniambia nicheke. Nikacheka. Akaniambia nifumbe macho. Jicho moja likafumba, la kushoto likabaki wazi likimtazama. Amewatunza wazee wengi waliopooza, kwa hiyo alijua la kufanya. Alipiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitali walinipima kichwa, wakasema si kiharusi. Mshipa wa fahamu wa uso ndio umelegea, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Wakatuacha tusubiri. Nilijitazama kwenye kioo cha simu. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeshuka kama shuka iliyoachiwa pini moja, na mate yananitoka. Niliwaza kwamba nitabaki hivi mpaka nife.

"Hakijulikani," shangazi alirudia. "Mtoto mzima anapinda uso, halafu hakijulikani. Nitamwambia nini kaka yangu? Ulikula kwa nani?"

Nikamwambia habari ya chupa ya maji mekundu. Sijui kwa nini sikuwa nimemwambia kabla. Hakunilaumu. Alichukua simu yangu, akamwambia Musa aje hospitali sasa hivi, na aje na ile chupa.

Musa alikuja na nguo za kazi, mikono ina grisi, chupa mkononi. Aliponiona uso alisimama. Shangazi hakumpa kiti.

"Ulimnywesha nini mtoto wangu?"

"Hiyo ni maji, mama. Maji, chumvi na sharubati. Hata leo nimechanganya hivyo hivyo."

"Mbona wewe hukunywa?"

"Zangu nilikuwa nimemaliza. Hizo zilikuwa zimebaki, nikampa yeye juu ya vile hajazoea vilima." Akafungua chupa, akaigugumia yote mbele yetu mpaka koo likasikika. "Haya. Ngojea nipinde uso."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Uso haukupinda. Akamwamuru aeleze siku nzima, tangu stesheni. Musa akaeleza mageti, yule mzee, kilima, mahali tulipokaa. Alipofika kwenye yale majani marefu na wale paa, akatazama miguu yangu. Kisha akasema polepole, "Labda ni kupe."

Shangazi akasimama. "Unipe nini? Umeniona mtu wa kununuliwa? Sitaki kitu chako!"

"Si *nikupe*, mama. *Ni kupe.* Mdudu. Ule wa ng'ombe. Mimi nilibandua mmoja kwa mguu siku hiyo."

Ndugu msomaji, kupe mimi namjua. Kongwa tulikuwa tunapeleka ng'ombe josho kwa ajili yake, na akishiba damu anakuwa kama mbegu ya nyonyo. Sikujua kama Uingereza wapo, na sikujua kama wapo wadogo kuliko chembe ya ulezi. Nilimuuliza Musa Wazungu wanamwitaje.

"Tiki," akasema.

Nikajiona tena mbele ya yule daktari, nimeinamisha kichwa.

Shangazi alitoka mbio kumwita daktari. Huyu alikuwa mwanamke, mpole. Duara lilikuwa limefifia, lakini shangazi alilieleza lilivyokuwa, ukubwa wake na giza lake, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyelipaka dawa ya choa. Daktari akatwambia kwenye ngozi nyeusi duara hilo wengi hawalitambui. Alichukua damu, na hakungoja majibu, akaanza kunipa dawa ya ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao unaweza kulegeza hata uso.

Vidonge vilinichafua tumbo. Kila kimoja nilikigeuza na kukinusa kabla ya kukimeza, na shangazi alisoma karatasi ya ndani ya boksi mara mbili kwa miwani yake. Usiku alinibandika jicho kwa plasta lisikauke. Nilikunywa uji kwa mrija. Wiki ziliisha hivyo, mpaka siku moja shangazi aliponiona nikijaribu kupiga mluzi jikoni. Mluzi haukutoka, lakini mdomo ulikuwa umekusanyika pande zote mbili. Alifunika macho kwa kanga.

Sasa nimepona. Nikicheka, upande wa kushoto unachelewa kidogo, kama mtu asiyeelewa utani haraka. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru shangazi kwa kutoamini mtu, maana bila maswali yake Musa asingetaja yale majani. Na namshukuru Musa kwa kuja.

Ukienda njia zile, nenda, ni nzuri. Vaa soksi ndefu. Ukirudi, jitazame nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mapaja. Ukimkuta kupe, mshike karibu na ngozi kwa kibanio umvute taratibu. Ukiona duara, usilifiche kwa aibu, mwoneshe daktari mapema. Na daktari akikuuliza neno usilolijua, mwambie hulijui.

Bado tunakwenda, mimi na Musa. Tukirudi, shangazi anatusimamisha mlangoni chini ya taa kabla hajatupa chai. "Suruali juu," anasema, "wote wawili." Musa anapandisha wa kwanza.

Kama nawe uliwahi kuumwa na huyu mdudu, au uso wako umelegea na unaogopa kutoka nje, niandikie. Andika vyovyote, hata kwa herufi mbaya. Nitasoma polepole, na nitajibu polepole, lakini nitajibu.