Njia ya Tangawisi ya Ndaya

Macho ya Ndaya yalianza kufifia kutoka pembeni. Alikuwa akimimina maji kwenye bidoni, dumu lake la plastiki, maji yakamwagikia miguuni, kwa sababu mdomo wa bidoni haukuwa pale alipodhani. Daktari wa macho aliyepita Kamina alimwambia ni presha ya jicho. Matone yangepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini kilichokwisha kupotea hakitarudi. Ndaya alirudi nyumbani akiwa ameshikwa mkono na mumewe, Chrispin.

Mtaa ulimjua kwa vinywaji vyake. Palipokuwa na arusi, ubatizo au kilio, watu walimwendea yeye. Tangawisi, kinywaji cha tangawizi, sukari na limau, alifundishwa na mama yake, aliyekuja kutoka Kasai akiwa msichana. Munkoyo, ule uji wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa na kulazwa mpaka uwe mwepesi na mtamu, alifundishwa na majirani. Lakini vipimo vyote vilikaa machoni mwake. Alikuwa na alama ya wembe kwenye kopo, mstari wa mkaa ndani ya ndoo, na alijua rangi ya maji yanapokolea. Hakuwahi kuhesabu. Alikuwa anatazama tu.

"Minyi nitaacha," alimwambia Chrispin jioni ile. "Nikikosea, bantu batasema Ndaya anaharibu vilio ya bantu."

Chrispin alivuta kiti karibu naye. Ujanani alikuwa mhudumu katika baa ya hoteli moja karibu na stesheni, wakati treni zilipokuwa zinashusha abiria wengi kwa wakati mmoja.

"Shefu wetu, mukubwa ya baa, hakukuwa anapenda tuandike," alisema. "Alikuwa anatuambia: usishike neno, shika mahali. Mwenye bia baridi nilikuwa namuweka kwa mulango, mu mawazo tu. Mwenye chai namuweka chini ya saa. Nikirudi na plato ya vinywaji, napita na kichwa, namukuta kila mutu pale nilimuacha."

"Minyi sina baa."

"Uko na njia ya kanisa. Unaitembea toka utoto."

Kesho yake asubuhi walitoka pamoja, polepole, wakasimama kila mahali. Kwenye bomba la maji aliweka, kwa mawazo tu, bidoni yake ijae mpaka shingoni. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mzee Nyembo, mjane anayependa chai tamu kupita kiasi. Ndaya akaweka sukari pale, kopo moja juu ya kila figa la jiko lake, makopo matatu. Kisha wakafika kwa Mwila, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mapasa kwa sababu ya wanawe pacha, Kyungu na Kabange, vijana wa sekondari.

"Hapa njo tangawisi yenyewe, ile ya kutwanga," Ndaya alisema. "Kila mapasa na bakuli yake."

"Banaishika namna gani?" Chrispin aliuliza. "Ukiona vizuri, hautasahau."

Ndaya alifumba macho. "Kyungu anashika na mikono mbili, anaogopa kumwanga. Kabange ameiweka ku kichwa, anacheka."

Kwa Umba seremala waliweka karafuu, kwa kuwa karafuu zinafanana na misumari ile anayoibana midomoni akifanya kazi. Mwisho waliingia kanisani, wakaweka limau kwenye pembe nne za altare. Ndaya aliogopa kidogo kuziweka pale. Chrispin akamwambia Mungu hawezi kukasirikia limau.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni aliweka munkoyo kwenye njia hiyohiyo ya kanisa, na siku ya ubatizo wa mjukuu wa Umba akatia limau ndani ya munkoyo. Watu walikunywa kwa heshima, wakaacha vikombe nusu. Tangu hapo kila kinywaji kilipata njia yake, na munkoyo ukahamia kwenye njia ya soko. Alfajiri, kabla hajaamka kitandani, Ndaya alizitembea zote mbili kichwani, kwenda na kurudi, kama anayesali rozari. Kufikia mvua za kwanza hakuhitaji tena kuona alama ya wembe. Vidole vyake vilijua kopo, na miguu ya mawazo yake ilijua mlango.

Mvua hizohizo zilileta homa. Kabange aliugua, akapelekwa hospitali, akaonekana kama anapata nafuu, akaomba hata viazi. Siku iliyofuata akafa. 

Kilio kilijaa ua wa Mwila. Wamama wakamwendea Ndaya kama kawaida: wageni ni wengi, wengine wametoka Kabongo, wanahitaji kitu cha kutia nguvu. Ndaya aliingia jikoni kwake, akaanza safari yake ya kichwani. Bomba. Mzee Nyembo na mafiga yake. Alipofika kwa Mwila, Kyungu alikuwa amesimama peke yake.

Chrispin alimkuta na bakuli moja mkononi, machozi yakidondoka.

"Hamisha tangawisi," alimwambia kwa upole. "Iweke kwa nyumba ingine. Hata kwa baa muteja akienda tulikuwa tunabadilisha."

"Kabange hakukuwa muteja," Ndaya alijibu. "Na minyi sitamutosha pale, sitamuondoa."

Akasimama hivyo, mikono juu ya meza, mpaka mawazoni Kabange akarudi mlangoni na bakuli lake kichwani. Ndaya akatia bakuli la pili. Tangawisi ile ilinywewa yote.

Majuma yakapita. Chrispin, kwa mapenzi tu, alimsimulia mtu habari ya njia ile, na maneno yakatembea mpaka yakamfikia Mwila. Alikuja mchana, hakupiga hodi.

"Ndaya, nasikia mutoto yangu iko ndani ya kinywaji yako. Wazima na wafu, weye unabatumikisha bote?"

Ndaya aligeukia sauti. Hakuuona uso wa Mwila, aliona kivuli tu mbele ya mwanga wa mlango.

"Dada, unisamehe. Nilibaweka pale bakiwa bote bazima. Ukisema nimutoshe, nitamutosha, hata kama nitapoteza tangawisi yote."

Ndaya alisikia kiti kikivutwa, kisha pumzi nzito ya mtu anayekaa.

"Anasimama namna gani?"

"Ku mukono ya kushoto ya mulango. Bakuli ku kichwa. Kifungo ya shemizi imefunguka."

"Ile ya juu," Mwila alisema. "Nilikuwa namugombeza kila siku sababu ya ile kifungo."

"Anacheka, na Kyungu anamuambia: utamwanga."

Mwila alilia hapo, bila kelele. Baadaye alisema kwamba nyumbani kwake hakuna anayelitaja jina la Kabange. Mumewe akilisikia anatoka nje, na Kyungu anainama. Wageni wa kilio wamekwisha kwenda na jina lenyewe.

"Rudilia," aliomba. "Toka mwanzo. Toka kwa bomba."

Ndaya akaanza tena kutoka kwenye bomba.

Tangu siku hiyo Mwila alikuja kila Ndaya alipotengeneza tangawisi. Alitwanga, Ndaya akaongoza, na walipofika kwenye mlango wa pacha walisimama kidogo kabla ya kuendelea. Mara moja mume wa Mwila alikuja kumwita, akasimama uani akisikiliza hadi mwisho. Hakuingia. Lakini njiani, Mwila alisimulia baadaye, mume alimwuliza kama shemizi ile, shati la Kabange, bado ipo, au ilizikwa na mtoto.

Ilipofika Pasaka, Ndaya hakuona tena hata kivuli. Asubuhi hiyo alikuwa na bidoni za parokia za kujaza, na Mwila alikuwa amechelewa. Akajifunga kitambaa, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akaweka kopo mbele yake upande wa kulia na bakuli upande wa kushoto. Chrispin alitaka kumsaidia. Akamkatalia, akamwomba amletee maji tu, kisha kichwani akaanza njia kutoka kwenye bomba hadi mlango wa pacha.