Mshale Wenye Taa Ulionirudia Makere

Cheka ukitaka. Mimi najua nilichokiona, tena kulikuwa kumeshapambazuka, si giza la kumdanganya mtu macho.

Nalima mihogo huku Makere, kando ya bonde. Msimu ule nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Unalala una shamba, unaamka una mashimo. Shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu, ana kibanda cha simu Kasulu mjini. Akasikia kilio chetu, akaja na mishale aliyoagiza kwa mtandao. Mmoja una taa mkiani, inawaka ukiuachia. Mwingine unapiga filimbi hewani. Wa tatu una visu vinavyofunguka vikigusa nyama.

Mimi upinde nimefundishwa na marehemu baba, kwa hiyo sidanganyiki kirahisi. Nikaijaribu kwenye mgomba. Wa visu ulifunguka kwenye majani kabla ya kufika. Wa filimbi, niambie wewe: mnyama gani anasubiri kupigiwa honi? Wa taa mkia ulikuwa mzito, ukayumba kama mlevi.

"Shemeji," nikamwambia, "hivi ni vya kupigia picha."

"Hujajaribu kwa mnyama, shemeji. Huo wa taa hata ukikosa, huupotezi."

Basi, alfajiri tukashuka bondeni. Hamisi akapanda juu ya kichuguu aone vizuri. Dume moja kubwa likatoka, likaanza kufukua mihogo yangu. Nikavuta, nikaachia. Taa ikawaka nyekundu, ikaenda ikazama kwenye nyonga ya yule mnyama, naye akaingia kwenye matete.

Nikaifuata taa. Kweli haikupotea, hapo Hamisi alisema sawa. Ila ilikuwa inapanda. Mwanzo ilikuwa usawa wa goti langu, mara ikawa usawa wa kiuno. Nguruwe gani huyo? Nikayatenganisha matete.

Alikuwa mzee, amejifunga shuka la kahawia, anachomoa mshale wangu kwenye nyonga. Damu hakuna. Niamini, hata tone.

"Mwakeye, mwana wanje," akanisalimu kwa Kiha, akiniita mwanangu, kwa upole kabisa. Kisha akanipa mshale. "Nani kakuuzia hiki? Kinawaka kabla hakijafika. Ningetaka, ningekikwepa."

Nikaupokea. Nikauliza tu, "Mzee, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Baba yako ananijua. Mshale wake haukuwa na taa. Ule sikuuona."

Akafunua shuka ubavuni. Kovu lilikuwa pana kama kiganja. Baba aliwahi kutusimulia dume alilolipiga ubavuni, akalitafuta hadi jua likazama, asilipate. Hilo sikuwahi kumwambia Hamisi wala mtu yeyote.

Mzee akageuka, akaondoka akichechemea. Sikukimbia. Nilirudi kwa mwendo wa kawaida, mshale mkononi, nikamkuta Hamisi amekaa chini ya kichuguu.

"Shemeji, una wazimu? Kwa nini ulisimama karibu vile na nguruwe? Alikuwa anakunusa mkono!"

"Nguruwe? Mzee hukumwona?"

"Mzee gani?"

Siku hiyo hiyo Hamisi alirudi Kasulu, na hadi leo akija kututembelea hashuki bondeni. Mihogo yangu haiguswi tena. Majirani wanasema nina dawa, nawaacha waseme. Lakini asubuhi nyingine mke wangu akifagia uwanja ananiita, nakuta nyayo za kwato zimefika mpaka mlangoni, zikageuka. Unyayo mmoja wa nyuma huwa umeburuzwa.

Upinde sishiki tena. Nimechimba mtaro, nafuga mbwa. Nawe unayetazama vidude hivyo kwenye simu yako, sikiliza: havifai kwa kuwinda, nimevijaribu kwa mikono yangu. Na kama utavinunua hata hivyo, ukimpiga mnyama asianguke, muache aende. Usimfuate kwenye matete kumtazama uso.