Pangaboi la Sebuleni

Mama Spoki ametengeneza baiskeli za watu kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo wanaume wamekuwa wakisimama nyuma yake kumfundisha jinsi ya kutengeneza baiskeli. Kazoea. Ndiyo maana siku aliyokwenda kukagua ndege ya mtumba, iliyoundwa na daktari wa meno mstaafu gerejini kwake, hakushangaa daktari alipoanza na rangi ya viti.

"Na kasi yake, mama! Ukiwa juu hakuna wa kukukamata."

"Anikamate nani huko? Trafiki?"

Kaka yake, aliyefuatana naye kwa nia moja tu ya kuharibu biashara, akaguna. "Dada, una miaka hamsini na nane na leseni ya urubani ya juzi. Wenzako wananunua makochi."

"Kochi haliruki."

Shida yake haikuwa umri. Kiwanja atakachorukia ni kifupi, na mwisho wake kuna ukuta wa kiwanda cha matofali. Ndege isiyopanda upesi ingemgeuza tofali.

Akapitisha kiganja kwenye pangaboi, lile la puani linaloivuta ndege. Mapanga yake yalikuwa yamesokotwa kwa pembe kali, ya kukata hewa nyingi kwa kila mzunguko.

"Hii ni gia kubwa," akasema. "Tambarare utapepea. Kwenye mlima, baiskeli utashuka uikokote. Sasa mimi nikishindwa kupanda, nishukie wapi nikokote?"

Daktari akacheka cheko la mtu aliyezoea kuongea na watu waliofungua midomo lakini hawawezi kumjibu. "Pangaboi ni pangaboi, mama yangu."

"Haya, fungeni mkia wa ndege tuipime injini."

Wakaufunga kwenye nguzo ya chuma, wakakingamiza vigogo magurudumuni. Daktari akawasha, akasukuma mafuta mpaka mwisho. Mama Spoki akachungulia mshale wa mizunguko: elfu mbili kwa dakika, ukagoma hapo. Kitabu cha injini kilitaka, ndege ikiwa imesimama, isipungue elfu mbili mia mbili na hamsini. Injini ilikuwa nzima. Pangaboi ndilo lililoikaba koo.

"Hili umelifunga baadaye. La kwanza liko wapi?"

Aliyejibu ni mke wa daktari, kutoka mlangoni: "Liko sebuleni, juu ya televisheni. Alilitoa eti linaichelewesha ndege. Mwaka wa nne huu nalipangusa vumbi."

"Lile haliuzwi! Ni kumbukumbu."

"Basi baki na ndege, nayo iwe kumbukumbu." Mama Spoki akachukua mkoba.

"Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi!"

"Msalimie. Muulize kama kwao kuna ukuta."

Hakuwa amefika getini mke wa daktari alipoburuta stuli, akapanda kulishusha pangaboi.

Fundi wa ndege alilikagua pangaboi la sebuleni, hakuona ufa, akalisawazisha, akalifunga. Mkia ukafungwa tena. Safari hii mshale ulipita elfu mbili mia tatu, na daktari akasema siku zote alijua.

Mama Spoki akailipia, na Jumamosi akaruka nayo kutoka kile kiwanja kifupi. Kaka yake alisimama pembeni, mikono kichwani, tayari kulia. Ndege ikauvuka ukuta juu sana, hata wafyatua matofali wakashika kofia zao ili waitazame. Ikazunguka, ikatua.

"Umeuvuka kwa futi ngapi?" kaka akauliza.

"Kiti cha pili kiko wazi. Panda ukapime."

Kaka akakumbuka kwamba kuna mgonjwa alipaswa kwenda kumjulia hali.