Nilivyokataa kuandika lita za maziwa ya jioni

Wakuu, sasa.

"Ukishayaandika, yatabaki yangu?"

Hilo swali niliulizwa na mama mmoja huko Molo mwaka wa 2007, nikiwa nimesimama kando ya ng'ombe wake na questionnaire mkononi. Nawapa hii story vile ilivyokuwa, bila kuipaka rangi.

Nilikuwa final year kwa chuo kimoja huku Nakuru side, nikisomea Agricultural Economics. Nikachukua pia unit ya gender, iliyokuwa inafundishwa na malecturer wa departments tofauti: wiki hii wa sheria, ijayo wa historia, halafu wa sosholojia.

Class rep wetu alinicheka vibaya. "Unasomea wanawake? Si wewe ni mwanamke, ni nini hujui?"

Nilikuwa najua kidogo sana. Kwa economics, mwanamke alikuwa "labour". Kwa sheria alikuwa mke wa fulani. Kwa historia, hata hakuwepo. Nikajiuliza kama huyu ni mtu mmoja ama ni watu watatu.

Basi project yangu ikawa maziwa.

Waliokulia huku wanajua. Maziwa ya asubuhi yanaenda dairy, ile ya ushirika wa wakulima, na malipo yanaingia kwa jina la mzee. Ya jioni ni ya mama. Anapika chai, watoto wanakunywa, yanayobaki anauzia majirani, na hakuna anayemuuliza.

Sasa, questionnaire za department zilikuwa zinamuuliza "mkuu wa boma", na mkuu wa boma alikuwa anataja ya asubuhi peke yake. Ukisoma zile ripoti ungedhani ng'ombe wa Molo hukauka ikifika jioni.

Nikaamua kuwauliza wanawake. Huyo mama, nitamwita Mama Njoki, alikuwa anakamua nilipofika.

"Mathe, jioni unapata lita ngapi?"

Hakuinua kichwa. "Hiyo karatasi inaenda wapi?"

"Chuo tu."

"Na ikitoka chuo?"

Nikamwambia ukweli. Dairy ndiyo ilitusaidia kuwafikia wakulima, na ilitaka copy ya kila project. Ilikuwa inatafuta yale maziwa yasiyoifikia.

Ndipo akaniuliza lile swali. Halafu akaongeza, "Msichana wangu, karo ya Njoki inatoka kwa hii ndoo."

Nikamwahidi kwamba lita zake sitaziandika popote. Akacheka, akasema nyinyi wa chuo mnaahidi sana. Lakini akanionyesha kila kitu: wateja wake, bei, hata vile anaficha kibuyu cha akiba mgeni akija.

Mwaka ukaisha, January 2008 ikaja na ile vita ya baada ya uchaguzi mnayoijua. Chuo kilichelewa kufunguliwa. Familia ya Mama Njoki ilitoroka Molo ikaishia Bahati, upande mwingine wa Nakuru, bila ng'ombe hata mmoja.

Supervisor wangu, tutamwita Dakta, akaona hapo mambo yamekuwa rahisi.

"Hilo boma halipo tena. Unamficha nani? Weka figures."

"Boma halipo, Dakta. Mama yupo."

"Bila figures hii si project, ni hadithi. Utarudia mwaka."

Kurudia mwaka kwetu ilikuwa sawa na kuacha shule. Nililia kidogo kwa shangazi huko Free Area, Nakuru, kisha nikaosha uso nikarudi kwa project.

Nikamwendea Madam wa sosholojia, akanifundisha jinsi ya kuwalinda watu walionipa habari. Yule wa sheria akanisaidia kuandika ni kwa nini ahadi yangu inanifunga. Kutoka economics nikachukua hesabu, ila nikajumlisha eneo zima ili boma la mtu lisionekane.

Siku ya kuitetea project mbele ya panel, Dakta hakuzunguka.

"Lita ngapi kwa kila boma?"

"Sitasema."

"Hutasema ama hujui?"

"Najua. Sitasema."

Madam akaangalia dirisha, nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka.

Nilipita na C. Copy ikaenda dairy bila lita za boma lolote.

Nilichojifunza: department moja haiwezi kumwona mwanamke mmoja akiwa mzima. Kila moja ina kipande chake na inadhani ndicho mtu mzima. Na ukiambiwa kitu na mtu, bado ni chake hata kikishaingia kwa karatasi yako. Hapo sijabadilika na sidhani nitabadilika.

Wale mmefanya research, kuna kitu mlikataa kuandika? Na watu wa economics, kujeni mnishambulie, niko hapa.

Kabla hamjaanza, moja tu. Miaka mingi baadaye nilipitia Bahati kuwasalimia. Mama Njoki akiwa jikoni, mzee wake akaniuliza kama ile project ya maziwa ya jioni ilipita. Kumbe alijua, siku zote. Kumbe kule Molo alikuwa mwanakamati wa dairy, na kila mkutano ulipouliza maziwa ya jioni yanapotelea wapi, yeye ndiye alikuwa anasimama kusema yananyonywa na ndama.