Kitabu cha Wanjiru Katika Banda la Chai

Sisi tuliokulia Othaya kabla simu haijaingia kila mfuko tunajua kungoja. Ni mchana wa Aprili, majani ya chai yamejaa vikapuni, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la banda la kupimia, na lori la kiwanda limekwama kwenye matope mahali fulani. Hakuna mwenye haraka. Mama zetu walikaa upande mmoja wakisuka vyondo, sisi watoto upande wa pili, juu ya magunia yenye harufu ya majani mabichi. Hapo ndipo tulipocheza mchezo wa kitabu.

Kitabu kilikuwa cha binamu yangu Wanjiru, alichoachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Kilikuwa cha Kiingereza, naye akitusomea kwa Kiswahili chake. Anasoma safari iliyoandikwa humo, anatufikisha penye hatari, kila mmoja anasema shujaa wake atafanya nini, kisha dadu tuliyoiiba kwenye ludo inaamua. Kulikuwa na ngome, joka na theluji. Joka lilitusumbua kidogo, lakini theluji tuliielewa, maana asubuhi zisizo na ukungu tuliiona kileleni mwa mlima.

Shida yangu ilikuwa Wanjiru mwenyewe. Hakubadilisha hata nukta. Ukisema shujaa wako anapitia dirishani, anapekua kurasa, anakwambia, "Dirisha haiko. Kitabu imesema mlango." Nikamwita kasuku. Nikajigamba kwamba nitatunga safari zangu, za huku kwetu, na kweli nikatunga. Lo! Zote ziliishia jikoni kwa nyanya yangu. Mashujaa wakishavuka Mto Gura, hatua kumi mbele wanakuta nduma zimeiva, wanakaa, wanakula, na vita vinasahaulika. Mama akitusikia alisema, "Mkishiba hiyo hadithi, msikuje kuniuliza githeri." Nikarudi kwenye kitabu cha Wanjiru kimyakimya.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Achieng', binti wa polisi aliyetoka upande wa ziwa. Shujaa wake hakuwahi kuanguka. Tulikuwa tumebakiza ukurasa mmoja tu baba yake alipopewa uhamisho. Kesho yake wangehamia mji ambao Achieng' hakuujua hata jina. Alikuja bandani na sweta yake ya shule, tukacheza mbiombio kabla lori halijafika.

Penye daraja la mwisho akarusha dadu. Ikatoka moja.

Wanjiru akasoma kimoyomoyo, akaufunika ukurasa kwa kiganja. Nilijua sababu, kwa kuwa ukurasa ule nilikuwa nimeshauchungulia: anayepata moja anazama, na habari yake imeisha. Achieng' alitutazama mmoja baada ya mwingine, machozi yakimlengalenga.

"Wanjiru, ati nimekufa? Kesho naenda. Sitaki kuenda nikiwa nimekufa."

Wanjiru akakiinua kitabu kikamficha uso. Akaanza kusoma polepole. "Mto ikambeba. Ikambeba mbali, ikamweka kando ya mji hajawahi kuona. Watu wa huko wakatoka na taa. Wakamuuliza jina, na wakaishika kichwani." Akafunua hata karatasi, kana kwamba maneno yanaendelea nyuma.

Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa kitabuni. Nilimwonea wivu binamu yangu, na sijawahi kumpenda kama siku ile. Achieng' akajifuta pua, akacheka. Lori likanguruma kwenye kona, na mama zetu wakaanza kutuita tubebe vikapu.

Siku hizi wanangu wana safari elfu ndani ya simu, zimepangwa na kupakwa rangi, na wakifa humo wanabonyeza tu, wanaanza upya kabla chai haijapoa. Nikiwaambia watunge za kwao, wananiangalia kana kwamba nimewatuma kuni. Huwa nawacheka sana. Lakini nyumba ikitulia najua kwamba anayestahili kuhurumiwa ni mimi. Mambo yangu mengi sasa yameshaandikwa, na sina tena mtu wa kunisomea yasiyokuwepo kitabuni.